Taguette kwa watafiti wa afya Tanga: inapofaa na inapokwama

Mkoa wa Tanga ulianza kugawa kingatiba za matende na mabusha, ivermectin na albendazole, mwaka 2004. Dawa hizo hupunguza vimelea kwenye damu na kukata maambukizi, lakini busha lililokwisha kujaa halishuki kwa vidonge. Linataka upasuaji, na hapo ndipo maamuzi yanapokuwa magumu. Rejista itasema wanaume wangapi walijiandikisha na wangapi walifika siku yenyewe. Haitasema kwa nini mvuvi wa Pangani anayetembea kwa shida anaiacha nafasi ya kupasuliwa ipite. Sababu hiyo hupatikana kwa kumkalisha mtu na kumsikiliza, na maelezo yake yakishaandikwa huwa rundo la kurasa ambalo hakuna mjumbe wa timu ya afya ya halmashauri atakayelisoma.

Taguette ni programu ya kompyuta ya kupunguza rundo hilo. Unapakia nakala za mahojiano, unachagua maneno kwa kipanya, unayapa lebo, kisha unaita lebo moja na kuona kila alichosema kila mtu kuhusu jambo hilo, mahali pamoja. Ni ya bure kabisa, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Tunaipitia hapa kwa kazi moja tu: kutoa kwenye mahojiano ya Kiswahili ushahidi ambao kamati ya hospitali au ofisi ya Mganga Mkuu inaweza kuuamulia.

Hukumu yetu kwanza, ili asiye na muda asipotee. Kwa mtafiti mmoja, au wawili wanaotumia kompyuta moja, wenye mahojiano kumi hadi thelathini na intaneti ya kubahatisha, tunaipendekeza bila kusita. Kwa timu ya watu watano waliotawanyika Korogwe, Muheza na Tanga mjini itawatesa, na sababu tutazieleza.

Kuiweka kwenye kompyuta

Kuna njia mbili za kuitumia: kufungua akaunti kwenye seva ya wenyewe walioitengeneza, au kuisakinisha kwenye kompyuta yako. Kwa mahojiano ya wagonjwa, chagua kusakinisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Tena kibali chako cha maadili kinataja data itahifadhiwa wapi. Kama uliandika "kompyuta yenye nywila", basi kupandisha nakala hizo kwenye seva iliyo nje ya nchi ni kwenda kinyume na ulichomwahidi mshiriki alipoweka sahihi yake au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

Kwenye Windows na Mac unapakua faili moja la kusakinishia, na baada ya hapo intaneti huihitaji tena. Ukiifungua kwenye Windows, dirisha jeusi lenye maandishi hutokea, kisha kivinjari chako kinafunguka kwenye anwani ya localhost:7465. Wengi hushtuka wakidhani wako mtandaoni. Hawako. Chomoa modemu na kazi itaendelea, kwa kuwa kivinjari kinazungumza na kompyuta hiyohiyo. Dirisha lile jeusi usilifunge, maana ndilo programu yenyewe. Ukilifunga ukurasa unaganda. Wanaotumia Linux waweke na Calibre pembeni, kwa sababu Taguette huitegemea kubadili mafaili ya Word na PDF kuwa maandishi inayoweza kuyasoma.

Umeme ukikatika hupotezi kazi. Kila kipande unachokipa lebo kinahifadhiwa palepale, ndani ya faili moja la hifadhidata linaloitwa taguette.sqlite3. Faili hilo ndilo mradi wako wote: nakala, lebo, vipande. Linakilishwe kila jioni kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, si kwenye flashi inayozunguka ofisini.

Kabla ya kupakia chochote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kosa halitokani na programu peke yake. Taguette haikuruhusu kuhariri maandishi baada ya kuyapakia. Jina la faili na maelezo yake unaweza kubadili. Maneno yaliyomo ndani, hapana. Ukigundua kwenye ukurasa wa kumi na nne kwamba mshiriki alimtaja shemeji yake kwa jina, au alisema "mimi ndiye fundi boti pekee pale Kigombe", huna njia ila kulifuta faili, kulisafisha kwenye Word na kulipakia upya, na lebo zote ulizokuwa umeziweka kwenye faili hilo zimekwenda nalo. Kwa hiyo usafi wote ufanyike kabla.

Kusafisha si kufuta majina tu. Katika vijiji vya pwani mtu hutambulika kwa kazi, kwa jina la chombo chake, kwa mtaa, kwa idadi ya wake, kwa ugonjwa wenyewe. Badili "Kigombe" kuwa "kijiji cha pwani", na "fundi boti pekee" kuwa "fundi". Lakini usisafishe mpaka ukaondoa maana: kama uamuzi unaotafutwa unahusu wavuvi, neno "mvuvi" libaki. Orodha inayounganisha namba ya mshiriki na jina lake halisi ikae kwenye karatasi au kompyuta nyingine kabisa, isiguse ile yenye Taguette.

Majina ya mafaili yapange mapema, kwa mfano 07_ME_pwani_hakuja, yaani mshiriki wa saba, mwanaume, wa pwani, ambaye hakufika kwenye upasuaji. Programu haina mahali pa kuweka sifa za washiriki ili baadaye uchuje waliokuja na wasiokuja. Jina la faili ndilo litakalokufanyia kazi hiyo ukishatoa matokeo kwenye Excel, kwa hiyo jina lililoandikwa ovyo leo ni siku nzima ya kuhangaika baadaye.

Pakia faili la Word, siyo PDF. PDF inapobadilishwa, namba za kurasa na vichwa vya juu huingia katikati ya sentensi, na PDF iliyotokana na karatasi zilizopigwa picha haitoi neno hata moja. Nakala iwe ya maneno kama yalivyosemwa. Kama mzee amechanganya Kiswahili na Kidigo au Kibondei, maneno yake yaachwe, na maana iwekwe kwenye mabano ya mraba. Kuna timu zinazotafsiri kila kitu kwa Kiingereza kwanza ndipo zianze uchambuzi, eti kwa ajili ya mfadhili. Ni kosa kubwa. Tafsiri ni ya vipande vichache vitakavyoingia kwenye ripoti. Uchambuzi ufanyike katika lugha aliyosemea mgonjwa, kwa kuwa mnaoamua na mnaoamuliwa nyote mnaongea Kiswahili.

Na mtu asidhani Taguette itamsaidia kwenye sauti. Haichezi sauti wala hainukuu, yaani haigeuzi sauti kuwa maandishi. Saa moja ya mahojiano humchukua mnukuzi mzoefu saa nne hadi sita, na majadiliano ya kikundi huzidi hapo kwa kuwa watu hudakiana maneno. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwani ndiyo kubwa kuliko zote.

Kazi yenyewe: lebo

Muonekano ni wa kawaida sana, na tunausifu kwa hilo. Kushoto kuna vichupo vitatu, vya mradi, nyaraka na vipande. Kulia kuna nakala. Unachagua maneno, kitufe kinajitokeza, unabofya, unatia alama kwenye lebo moja au kadhaa, umemaliza. Muuguzi asiyewahi kufanya uchambuzi wa aina hii ataelewa kabla chai haijapoa. Vitufe viko kwa Kiingereza, lakini ni vichache na vinazoeleka upesi. Kila mradi mpya huja na lebo moja tayari, "interesting". Ifute siku ya kwanza. Ikibaki itageuka jalala la kila kisichojulikana pa kuwekwa.

Lebo zinaweza kupangwa kwa ngazi kwa kutumia nukta: gharama.nauli, gharama.kipato, woga.kisu, woga.utasa. Ukifungua "gharama" utaona vyote vilivyo chini yake. Ukikuta baadaye kwamba lebo mbili zinasema jambo moja, kuna namna ya kuziunganisha kwa mbofyo mmoja, na vipande vyote vinahamia pamoja. Kuunganisha huko hakuna kurudi nyuma, basi nakili kwanza faili la hifadhidata.

Sehemu ambayo wengi huiruka ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ni kisanduku cha maelezo cha kila lebo. Andika humo vitu vitatu: lebo inamaanisha nini, kipande gani kinaingia, na kipande gani kinachofanana nacho hakiingii. Chukua mfano huu wa kutunga. Mshiriki anasema: "Kupasuliwa sikatai, ila sasa hivi ni giza, dagaa wapo. Nikilala wodini chombo kinatoka na mtu mwingine, na nikipona nafasi yangu imeshachukuliwa." Mchambuzi mwenye haraka ataweka lebo "umaskini" na kusonga mbele. Mwingine ataweka ratiba.giza na gharama.nafasi_chomboni.

Tazama lebo hizo zinavyoamua. Kwa "umaskini", kamati itakaa na kupendekeza nauli au chakula cha wodini, fedha zitatumika, na mvuvi yule hatakuja, kwa kuwa nauli haikuwa shida yake. Kwa ratiba.giza, kamati itauliza swali jingine: kambi ya upasuaji iwekwe tarehe ngapi za mwezi? Vyombo vya dagaa vinavyovua kwa taa hutoka usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Kuisogeza kambi kwenye siku za mbalamwezi hakuongezi shilingi kwenye bajeti. Na ile gharama.nafasi_chomboni inamfanya mjumbe aone kwamba nahodha naye anapaswa kuzungumzwa, siyo mgonjwa peke yake. Maneno yalikuwa yaleyale. Lebo ndiyo iliyopeleka uamuzi upande huu au ule. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kisanduku cha maelezo kijazwe kabla ya kugusa mahojiano ya pili.

Kazi hii inahitaji mahojiano mangapi? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba, kwa kundi la watu wanaofanana na swali finyu, mambo mapya hukoma kujitokeza kati ya mahojiano 9 na 17. Kiwango hicho Taguette inakibeba bila kulalamika, hata kwenye laptop ya zamani yenye gigabaiti nne za kumbukumbu. Ukiwa na makundi mawili tofauti, tuseme waliopasuliwa na waliokataa, hesabu kila kundi peke yake.

Inapokwama

Kubwa kuliko yote ni kazi ya pamoja bila intaneti. Watu wawili wakifanya kazi kwenye kompyuta mbili, hakuna njia ya kuunganisha miradi yao. Unaweza kuutoa mradi na kuuingiza kwenye kompyuta nyingine, lakini utakaa pale kama mradi wa pili, pembeni ya ule wa kwanza. Kwenye seva watu kadhaa wanaweza kuweka lebo kwa wakati mmoja na kila mmoja akaona za mwenzake zikitokea, na mwenye mradi huamua nani anabadilisha na nani anasoma tu. Tatizo la seva tumeshalieleza. Taasisi yenye fundi wa kompyuta inaweza kuiweka Taguette kwenye seva yake ya ndani, na hilo ndilo suluhisho zuri kwa timu kubwa, ila halifai kujaribiwa na mtu ambaye hajawahi kusimamia seva.

Kwa walio wawili, utaratibu unaofanya kazi ni huu. Wote wachambue nakala tatu zilezile, kila mmoja kwenye kompyuta yake, bila kuchunguliana. Kila mmoja atoe vipande vyake kwa Excel. Wakae meza moja, wasome kipande baada ya kipande walichotofautiana, na kila tofauti ibadilishe maelezo ya lebo, siyo alama tu. Baada ya hapo mmoja ndiye anayebaki na mradi, na mwenzake anakagua. Programu haikokotoi kiwango cha makubaliano kati ya wachambuzi. Anayekihitaji akikokotoe nje. Sisi tunaona kikao kile cha mezani kina faida kuliko namba yoyote.

Haina mahali pa kuandika tafakuri juu ya kipande. Ukikutana na neno linalokushtua, unahitaji daftari pembeni, na daftari la karatasi lenye namba ya mshiriki na tarehe linatosha. Haionyeshi lebo mbili zinazokutana mara kwa mara kwenye kipande kimoja, kama woga na siri. Utazitafuta mwenyewe kwenye Excel. Haichori michoro. Anayehitaji kufanya kazi moja kwa moja kwenye sauti au video aangalie QualCoder, ambayo nayo ni ya bure lakini ni nzito kuizoea. Programu za kulipia za NVivo, ATLAS.ti na MAXQDA zina yote hayo, kwa malipo ambayo idara nyingi za hospitali zetu hazina kifungu chake.

Jambo dogo linalosumbua: Word hubadili alama ya ritifaa kuwa iliyopinda. Ukija kuchuja "ng'" kwenye Excel, iliyonyooka na iliyopinda huhesabiwa kuwa alama mbili tofauti, na nusu ya "kung'olewa" zako zitajificha. Zima badiliko hilo kwenye Word kabla mnukuzi hajaanza.

Kutoka kwenye lebo hadi mezani kwa wanaoamua

Taguette inatoa vipande kwa Word, PDF, Excel na CSV. Chagua Excel. Kila mstari utakuwa na maneno ya mshiriki, lebo zake na jina la faili, na hapo ndipo yale majina uliyoyapanga yanapokulipa: unachuja "hakuja", unachuja "pwani", unasoma.

Karatasi ya kamati isizidi kurasa mbili. Kila tokeo liandikwe kwa sentensi kamili, siyo "changamoto za kiuchumi" bali "wavuvi wa dagaa wanaikosa kambi ikiangukia siku za giza, kwa sababu wanaogopa kupoteza nafasi chomboni". Chini yake weka maneno ya washiriki wawili, na kama kuna aliyesema kinyume, maneno yake yawepo pia. Usiandike asilimia. Wavuvi 8 kati ya 12 waliochaguliwa kwa makusudi si asilimia 67 ya wavuvi wa Tanga, na mganga anayejua takwimu atalitupa kando kwa haki. Andika "wengi wa walioongea nasi" na utaje ni akina nani.

Mjumbe atauliza: tuyaamini kiasi gani? Swali hilo lina jibu lenye utaratibu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa huduma kwa wajawazito mwaka 2016, ule ulioongeza mahudhurio kutoka manne hadi manane, ushahidi wa mahojiano na wanawake ulipimwa kwa mbinu ya GRADE-CERQual na kuingia kwenye maamuzi. Mbinu hiyo inaangalia mambo manne: kasoro za namna utafiti ulivyofanywa, kama tokeo linaendana kweli na data, kama data inatosha kwa wingi na kina, na kama waliohojiwa na mazingira yao yanahusiana na swali linaloamuliwa. Mwisho inatoa daraja la imani: ya juu, ya wastani, ya chini, au ya chini sana. Imetengenezwa kwa ajili ya mapitio ya tafiti nyingi, hivyo mtu asiitumie kuupa daraja utafiti wake mmoja akajiita mshindi. Maswali yale manne, hata hivyo, ni dira nzuri ya kujikagua kabla hujaingia kikaoni, na kila moja unaweza kulijibu kwa kurudi kwenye vipande vyako.

Ubora mkubwa wa Taguette uko hapohapo. Mganga Mkuu akiuliza sentensi ya tatu imetoka wapi, unafungua lebo, unabofya kipande, nakala inafunguka pale pale mtu alipoongea, pamoja na swali aliloulizwa kabla. Ataona kama mhojaji alimwekea maneno mdomoni. Ataona kama jambo lilisemwa na mtu mmoja kwa ukali au na wengi kwa upole. Programu za bei kubwa zinafanya hivyo pia, lakini hii inafanya bila leseni inayoisha katikati ya utafiti na kukuacha umefungiwa nje ya data yako.

Ukifika mahali imekuwa ndogo kwako, toa orodha ya lebo kwa muundo wa QDC, ambao programu nyingine za uchambuzi zinausoma. Itahama orodha ya lebo na maelezo yake tu; vipande ulivyokwisha kuvitia lebo havihami nayo. Kwa hiyo uamuzi wa kuhama ufanye baada ya mahojiano matatu ya majaribio, kabla hujafika ya ishirini.